Sura ya Tisa: Nta Shingoni mwa Chupa

Tarehe 22 Februari 1902, Mfalme Edward wa Saba alizuru kiwanda cha bia cha Bass katika mji wa Burton-on-Trent, katikati ya Uingereza. Wenyeji wake hawakuishia kumtembeza. Walimpa heshima ya kuanzisha upishi yeye mwenyewe, kimea kikakutana na maji ya moto mbele ya macho yake, na bia iliyopatikana ikaitwa King's Ale. Haikupikwa ili inywewe mwaka ule. Ilikuwa bia nzito, ya kuwekwa. Mwaka 2006, katika maghala ya Burton, zilifichuliwa chupa za zamani zaidi ya 200, nyingine kongwe kuliko hizo za mfalme: Ratcliff Ale ya mwaka 1869, iliyopikwa kusherehekea mtoto aliyezaliwa katika ukoo wa Ratcliff, wabia wa Bass. Vizibo vilikuwa vya gome la mti, na juu ya gome palikuwa na nta. Wajuzi walifungua baadhi wakaonja. Baada ya miaka 137 bia ilikuwa bado inanyweka, ikinukia zabibu kavu na mvinyo mtamu wa kale.

Habari kama hiyo ikimfikia mtu anayepika bia jikoni kwake, hatulii tena. Na watu wa namna hiyo ni wengi, hasa Uingereza na Marekani. Uingereza ilifuta leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963. Marekani ilichelewa zaidi: marufuku ya pombe ilipoondolewa mwaka 1933, sheria iliwakumbuka wanaotengeneza mvinyo nyumbani ikawasahau wapika bia, na kosa hilo likakaa miaka 45 mpaka Rais Jimmy Carter alipotia saini mabadiliko tarehe 14 Oktoba 1978. Tangu hapo nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi inaruhusiwa galoni 200 kwa mwaka, yaani zaidi ya lita 750, mradi haiuzi. Majimbo nayo yalikuwa na sheria zake; Alabama na Mississippi zilikuwa za mwisho kukubali, mwaka 2013.

Lita 750 ni nyingi, na si zote zinywewe mwezi huu. Ndipo inapozuka hamu ya kupika bia moja kali, ya kileo cha asilimia 10 au 12, kuitia kwenye chupa, kuchovya shingo za chupa katika nta iliyoyeyuka, kuandika mwaka, na kuzipeleka stoo ya chini. Ukiuliza nta ni ya nini, utajibiwa bila kusita: inazuia hewa. Sura hii inahusu jibu hilo, kwa sababu ni kweli kwa sehemu tu, na sehemu yenyewe ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Kwanza tuitenge bia hii na pombe tulizozizoea. Mbege ya Kilimanjaro, busaa ya magharibi mwa Kenya, ulanzi wa Iringa, zote hunywewa zingali hai, hamira ikiwa bado kazini, na utamu wake ni wa siku hizo chache. Mbege ya jana na ya leo ni vinywaji viwili. Pombe ya aina hiyo haizibwi. Ukiikomea kwenye chupa na kuipaka nta juu, gesi itaendelea kuzaliwa ndani mpaka kioo kishindwe, na kioo kinaposhindwa hupasuka kwa nguvu ya kumtoa mtu jicho. Bia ya kuwekwa ni kiumbe kingine: sukari iliyoweza kuliwa na hamira imekwisha kuliwa, vipimo vya haidromita, chombo cha kupimia sukari iliyobaki, vimerudia namba ileile kwa siku kadhaa mfululizo, na gesi inayotakiwa inapatikana kwa sukari kidogo iliyopimwa kwa mizani, gramu 5 hadi 7 kwa lita, inayoongezwa siku ya kujaza chupa. Asiyekuwa na mizani aache kabisa shughuli hii.

Sasa hewa. Adui wa bia iliyowekwa ni oksijeni, ambayo ni asilimia 21 ya hewa tunayovuta. Ikiingia kwenye bia nyepesi huleta ladha ya karatasi iliyolowa, ambayo wanakemia wameihusisha na kitu kiitwacho nonenali. Harufu ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, hufifia, rangi huzidi kuwa ya kahawia. Na hapa kuna jambo linalowashangaza watu. Ndani ya chupa ya bia mna shinikizo la mara mbili au tatu ya lile la nje; mtu angetarajia kwamba kama kuna upenyo, gesi itatoka tu. Sivyo. Kila gesi hufuata tofauti yake yenyewe. Kaboni dayoksaidi hutoka kwa kuwa ndani ni nyingi kuliko nje, na oksijeni huingia kwa kuwa nje ni nyingi kuliko ndani, na wala haijali msongamano wa wenzake. Mlangoni mwa daladala wanaoshuka wanaweza kuwa kumi, na bado yule mmoja anayetaka kupanda akapanda.

Upenyo wenyewe uko wapi? Kioo hakipitishi, bati halipitishi. Unabaki utando ulio ndani ya kizibo. Kizibo cha bati tunachokijua kilibuniwa na William Painter wa Baltimore, aliyepewa hataza mwaka 1892: kisahani cha bati chenye meno 24, ndani kikiwa na kipande chembamba cha gome. Kilikuwa kitu cha kutumia mara moja na kutupa, na King Gillette, aliyewahi kuwa mchuuzi wa kampuni ya Painter, alichukua wazo hilohilo akalipeleka kwenye wembe. Leo meno ni 21 na gome limebadilishwa kwa plastiki laini. Plastiki hiyo ndiyo inayobanana na mdomo wa chupa, na plastiki, hata ikibanwa namna gani, hupitisha oksijeni kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo mantiki ya nta inaeleweka: funika ukingo wa kizibo kwa nje, uufanye upenyo kuwa mrefu na mgumu zaidi. Tatizo ni nta yenyewe. Nta ni hodari sana wa kuzuia mvuke wa maji. Ndiyo maana matunda hupakwa nta yasinyauke. Kwa oksijeni uhodari huo hupungua. Nta nyeupe ya mishumaa, inayotokana na mafuta ghafi, hukauka ikawa ngumu, haishiki kioo vizuri, na chupa ikigongwa kidogo au stoo ikipoa usiku na kupata joto mchana, hupata nyufa. Ufa mmoja unatosha. Oksijeni haihitaji lango. Mchanganyiko unaopendwa na wapika bia wa nyumbani, wa vijiti vya gundi ya moto na krayoni za watoto, haupasuki, unashika vizuri na unapendeza, lakini plastiki iliyomo kwenye gundi hiyo ni ya jamii inayopitisha oksijeni kwa urahisi.

Na kuna hesabu nyingine inayoaibisha zaidi. Ukiacha shingoni nafasi tupu ya mililita 15 iliyojaa hewa ya kawaida, humo mna oksijeni kama miligramu 4, tayari iko ndani, kabla hujakigusa kizibo. Viwanda vikubwa hupigania sehemu ndogo ya miligramu moja kwa lita nzima. Mpika bia anayemimina kwa kurusha mapovu, akaacha hewa shingoni, kisha akatumia jioni nzima kuchovya nta, amemfungia mwizi ndani ya nyumba.

Kwa nini basi watu wa Burton walipaka nta? Kwa sababu chini yake palikuwa na gome. Gome hukauka likasinyaa, huota ukungu, hutobolewa na wadudu wa ghalani, na yote hayo yanahusu unyevu na viumbe, mambo ambayo nta inayaweza barabara. Nta na gome walikuwa mke na mume. Bati lilipokuja, nta ilibaki bila kazi, ikaondoka kwenye chupa za bia kwa miongo mingi.

Iliyoirudisha, kwa maoni yangu, ni wiski. Huko Kentucky, Margie Samuels, mke wa mwenye kiwanda cha Maker's Mark, alibuni chupa ambayo shingo yake imechovywa nta nyekundu na kuachwa itiririke, kila chupa kwa namna yake. Chupa za kwanza ziliuzwa mwaka 1958. Nta ile haikuwekwa ili wiski izidi kukomaa, maana wiski ikishatoka kwenye pipa haikomai tena. Kioo hakiiongezei kitu. Ilikuwa alama, na ilikuwa alama yenye thamani kiasi kwamba kampuni iliipeleka mahakamani tekila ya Jose Cuervo iliyotumia nta nyekundu ya kutiririka, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaipa ushindi. Kutoka kwenye kabati la wiski mtindo ukahamia kwenye bia nzito za viwanda vidogo vya Marekani. Three Floyds wa Munster, Indiana, wamejulikana kwa bia yao nyeusi ya stauti, Dark Lord, ambayo shingo za chupa zake zimechovywa nta. Mpika bia wa nyumbani akaona, akapenda, akaeleza mapenzi yake kwa lugha ya kemia.

Anayetaka kujua ni nini hutokea mfuniko unaposhindwa kweli aangalie Bahari ya Baltiki. Mwaka 2010 wazamiaji walikuta karibu na visiwa vya Åland, Ufini, meli iliyozama katika miaka ya 1840, na ndani yake shampeni na chupa chache za bia. Chupa moja ilipasuka ilipoletwa juu, ikatoa povu, ndipo ikajulikana kwamba ni bia. Mazingira yalikuwa yale ambayo kila mwenye stoo huyaota: baridi, giza, utulivu. Lakini watafiti wa Ufini walipozichunguza chupa mbili walikuta maji ya chumvi yamepenya na bakteria wamefanya yao, harufu ikiwa ya mpira ulioungua, jibini lililopitiliza kuiva na beberu. Gome lilikuwa limechoka. Mahali pazuri hapakuokoa mfuniko mbaya.

Baada ya kusema yote hayo, bado nawashauri watu wachovye. Sababu zangu nitazitaja mbele. Kwanza kazi yenyewe, kwa kuwa ikifanywa vibaya inaunguza nyumba.

Nta haipakwi siku ya kujaza chupa. Bia kali inahitaji majuma matatu au zaidi mahali penye joto la kawaida ili ijenge gesi, na mara nyingi hamira ya mwanzo imechoka kwa kileo, hivyo huongezwa hamira mpya kidogo wakati wa kujaza. Hamira hiyo ina faida ya pili: inapoamka hula sehemu kubwa ya oksijeni iliyojificha shingoni, kazi ambayo nta yoyote haiwezi. Fungua chupa moja baada ya muda huo. Kama haina gesi, bado unaweza kufungua nyingine na kurekebisha. Kama ukingo wa kizibo una alama ya unyevu, chupa hiyo inavuja na inywewe mapema. Ukishapaka nta huoni tena lolote.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo chombo chake kiwekwe ndani ya sufuria ya maji ya moto, kisikutane na moto moja kwa moja. Mvuke wa nta iliyopita kiasi hushika moto, na moto wa nta haumwagiwi maji. Watanzania wana bahati hapa. Misitu ya miombo ya Tabora imekuwa ikipeleka nta ng'ambo tangu enzi za Wajerumani, na nta ile, yenye harufu ya asali na moshi, ndiyo ningeitumia mimi. Peke yake ni laini, hunata vidoleni wakati wa joto. Wengine huichanganya na nta ya mishumaa ili igande vizuri, wengine huongeza utomvu wa msonobari ili ishike kioo. Mchanganyiko wa gundi na krayoni unahitaji joto kubwa kuliko la maji yanayochemka, hutoa harufu kali, na huyeyushwa nje ya nyumba, kwenye kopo ambalo halitarudi jikoni.

Chupa iwe kavu na ya joto la chumbani. Ikitoka kwenye friji hutoa jasho, na nta haishiki kwenye jasho. Tembeza uzi mnene au utepe kuzunguka shingo chini kidogo ya kizibo, ncha moja ikining'inia; huo ndio utakaovutwa siku ya kufungua, na anayeuacha atakuja kupambana na kisu. Geuza chupa kichwa chini, chovya mpaka nta ipite ukingo wa kizibo kwa sentimita moja au mbili, hesabu mbili tu, itoe ukiizungusha, isimamishe. Ukitaka ile mitiririko ya Kentucky, isimamishe mapema. Ukitaka shingo laini, endelea kuizungusha mpaka nta igande, au chovya mwisho wake kwenye maji baridi. Mara mbili nyembamba ni bora kuliko mara moja nene.

Kisha chupa zisimame wima. Mvinyo wenye kizibo cha gome hulazwa ili gome lisikauke, na wapika bia wengi wameiga bila kuuliza. Bia yenye kizibo cha bati haina gome la kulowesha, na ikilazwa mashapo ya hamira hutanda ubavu mzima na kuchafuka kila ukimimina. Nyuzi joto 10 hadi 13 ndizo nzuri. Kwa Dar es Salaam au Mombasa hilo maana yake ni friji iliyopandishwa joto kidogo, na bili ya umeme ya miaka mitano iingizwe kwenye gharama. Mwanga usifike kabisa, hata kwa chupa ya kahawia, kwa sababu mwanga huvunja hopsi na kuzaa harufu ya kicheche kwa muda mfupi mno.

Si kila bia inastahili. Bia yenye sifa ya harufu mbichi ya hopsi inakufa kwa kuwekwa. Uchungu wake nao hupungua kadiri misombo ya hopsi inavyovunjika. Zinazofaidika ni zile ambazo zikiwa changa ni kali kupita kiasi: stauti nzito, na zile ambazo Waingereza huziita mvinyo wa shayiri. Katika hizo oksijeni kidogo sana, ikiingia polepole, si adui mtupu. Huigeuza ladha ya kimea kilichokaangwa ielekee kwenye tende, tini na zabibu kavu, huku kileo kikipoteza makali. Ikizidi, inarudi ile karatasi iliyolowa. Hamira nayo ikikaa mno hujivunja na kutoa ladha ya mchuzi wa soya, ambayo baadhi ya wanywaji wanaipenda; mimi simo. Katika bia za namna hiyo za Kiingereza ndimo Hjelte Claussen wa Carlsberg, Copenhagen, alimotambua hamira ya mwituni aliyoiita Brettanomyces, akaitangaza mwaka 1904. Hiyo hula sukari ambazo hamira ya kawaida huziacha, na ikiingia kwenye chupa bila kualikwa huongeza gesi kwa miezi mingi. Chini ya nta huwezi kuona kizibo kikivimba.

Thomas Hardy's Ale, iliyopikwa mara ya kwanza mwaka 1968 na Eldridge Pope wa Dorchester kumkumbuka mwandishi wa jina hilo miaka 40 baada ya kifo chake, ilitangazwa kwamba ingeweza kuwekwa miaka 25. Chupa zake za miaka ya 1980 zilifungwa kwa kizibo cha kawaida cha bati, bila nta, na watu wameendelea kuzifungua kwa furaha. Kwa hiyo bati lililobanwa sawasawa linatosha. Afadhali fedha ya nta iende kwanza kwenye mashine imara ya kubania vizibo, na kwenye vizibo vyenye utando unaofyonza oksijeni, ambavyo visilowekwe muda mrefu kwenye dawa ya kusafishia, maana unyevu huviamsha vikamaliza nguvu kabla ya kazi.

Nta ina kazi mbili ninazoziamini. Katika stoo yenye unyevu hulilinda bati lisipate kutu, na kutu ikila ukingo wa kizibo mambo yote yameharibika. Kazi ya pili ni kumzuia mwenye chupa. Bia inayopaswa kukaa miaka mitano huuawa na Ijumaa moja ya mwezi wa nane, mgeni amekuja, friji ni tupu, na kizibo cha bati kinang'oka kwa opena katika nusu sekunde. Chupa yenye nta inamtaka mtu atafute kisu, aondoe vumbi, asome mwaka alioandika, aeleze mbele ya mgeni kwa nini anaifungua leo. Wengi huirudisha. Nimewaona wapika bia wanaotumia rangi: nyekundu ya kunywewa baada ya mwaka, nyeusi isiguswe kabla ya mitano. Hakuna kemia hapo, lakini ni mfumo unaofanya kazi kuliko orodha yoyote ya kwenye daftari.

Tatizo la chupa iliyofungwa hivyo ni kwamba haikuambii inaendeleaje. Kwa hiyo katika kila pishi acha chupa sita bila nta, za bati tupu, zikae rafu ileile. Fungua moja kila mwaka, ikiwezekana mwezi uleule, mimina polepole ukiacha mashapo chini, uandike. Mwaka wa pili ukikuta tende na zabibu, ziache zenye nta zilale. Ukikuta karatasi, usisubiri muujiza: vuta nyuzi, ita majirani, zinyweni zote kabla ya mwezi kuisha.